Usiku wa Garba kwa Majirani Wote: Namna ya Kuuandaa Dar es Salaam

Nilikulia Upanga, ghorofa ya tatu, mlango wetu ukitazamana na wa mama mmoja wa Kigujarati tuliyemwita Masi, jina ambalo watoto wa kwao humwita dada wa mama. Kila mwaka vuli ilipokaribia tulimwona jioni akishuka ngazi na sinia lenye taa, sketi yake pana ikifagia vidato, bangili zikilia. Sisi watoto tulimfuata hadi kwenye ukuta wa uwanja, tukakwea, tukachungulia duara likizunguka. Hakuna aliyetufukuza, na hakuna aliyetuita. Tulichungulia hivyo kwa miaka, mpaka usiku mmoja Masi alipotoka duarani jasho likimtiririka, akamshika mama yangu mkono: "Njoo dada, makofi matatu tu." Mama akavua viatu, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaingia. Mwaka uliofuata ukuta ulikuwa mtupu.

Naandika kwa yeyote anayetaka kuandaa usiku wa namna ile katika mtaa wake, awe Mhindi au asiwe. Nimeshiriki kuandaa mara kadhaa, na kipimo changu ni kimoja: wageni wangapi waliingia duarani. Ukumbi ukijaa watu waliosimama pembeni wakirekodi kwa simu, mimi huhesabu kwamba kazi haijafanyika. Utaona karibu kila ushauri hapa unarudi kwenye jambo hilo.

Ijue ngoma kabla ya kutafuta ukumbi

Garba ni ngoma ya duara ya Wagujarati, watu wa magharibi ya India ambako ndiko walikotoka wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki. Huchezwa usiku tisa mfululizo katika sikukuu ya Navaratri, na maana ya jina hilo ni hiyo hiyo, usiku tisa. Wahindu humtukuza Mataji, Mama wa kimungu. Siku ya kumi ni Dashera. Katikati ya wachezaji huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake taa inawaka. Chungu hicho huitwa garbo, na jina lenyewe latokana na neno la Kisanskriti, garbha, yaani tumbo la uzazi. Chungu ni tumbo, taa ni uhai uliomo. Ukilifahamu hilo utaelewa kwa nini watu huvua viatu na kwa nini taa haizimwi ovyo. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ndugu yake ni dandiya raas, ngoma ya fimbo, ambayo kwa kawaida huja mwishoni mwa usiku. Tena usidhani ni mambo ya Wahindu peke yao. Makhoja wa Kiismailia nao huchezesha fimbo na duara katika sikukuu zao, na wengine wamekua nayo bila kukanyaga hekalu.

Hatua ya 1: Anza kwa wenyewe

Usipange garba ukamaliza, kisha ukawaita Wagujarati waje kuipamba. Nenda kwao kwanza. Dar es Salaam jambo hili ni jepesi: Mtaa wa Kisutu una mahekalu ya Kihindu yaliyokaribiana, na kila jumuiya ina kamati yenye mweka hazina, kina mama wa jikoni na vijana wa muziki. Nenda asubuhi, vua viatu mlangoni, uliza mtu wa kamati, eleza haja yako. Huenda ukakuta wameshajipanga kwa usiku wote tisa. Basi omba usiku mmoja uwe wa majirani, au omba usiku wa mwezi mpevu unaofuata siku chache baada ya Dashera, uitwao Sharad Purnima. Wengi hucheza tena usiku huo, na hunywa maziwa ya baridi yenye pepeta za mchele. Pepeta ni zile zile tunazozijua pwani, kwa hiyo mgeni anakuta kitu anachokitambua mdomoni kabla hata ya kuijua ngoma.

Kamati yenu iwe ya watu saba hivi, wasizidi. Awemo mama mmoja wa Kigujarati mwenye sauti kwao, kijana wa muziki, mtu wa jikoni, jirani Mwislamu anayeheshimika msikitini, mjumbe wa mtaa, na mtu wa fedha ambaye hatashika kazi nyingine yoyote. Mkutano wa kwanza fanyieni nyumbani kwa mtu, juu ya chai. Mambo magumu, kama ibada na chakula, hayazungumziki vizuri ofisini.

Neno kuhusu majina. Sisi tunasema "Mhindi" tukamaliza, ilhali ndani yake kuna Baniani, Khoja, Bohora, Kalasinga na Mgoa, kila mmoja na dini yake, jikoni yake na historia yake ya kufika hapa. Waulize wenyewe wanapenda kuitwaje kwenye bango na kwenye kipaza sauti. Mshereheshaji naye mweleze mapema aiache ile methali ya Baniani na kiatu chake. Watu huitamka kwa mazoea wakidhani inachekesha. Nimemwona mzee akiinuka na kuondoka kwa ajili yake, naye alizaliwa Kariakoo.

Hatua ya 2: Tarehe

Navaratri ya mwaka 2025 ilianza 22 Septemba. Ya 2026 inaanza 11 Oktoba, Dashera ikiwa 20 Oktoba, na Diwali inafuata 8 Novemba. Tofauti hiyo huwashangaza wengi. Kalenda ya Kihindu huhesabu mwezi wa angani kama ya Hijra, lakini kila baada ya takriban miaka mitatu huongezwa mwezi mzima ili sikukuu zisiachane na majira. Ndiyo maana Ramadhani huuzunguka mwaka wote, ilhali Navaratri haitoki kwenye Septemba na Oktoba. Hata hivyo hakikisha tarehe hekaluni, kwani mahali na mahali huweza kupishana siku moja.

Ukichagua usiku mmoja kati ya tisa, chukua Jumamosi. Ijumaa jioni nayo watu wamemaliza wiki ya kazi, lakini majirani Waislamu wana mambo yao siku hiyo. Oktoba ni mwanzo wa vuli, kwa hiyo usitegemee anga. Uwanja wa nyasi unapendeza machoni, ila mvua ya dakika kumi inaugeuza tope, na hapa watu wanacheza pekupeku.

Hatua ya 3: Mahali na vibali

Watu wengi hukodi ukumbi kwa kuhesabu viti. Garba haihitaji viti, inahitaji duara. Hesabu hivi: kila mchezaji apate mita moja ya kuzungushia mikono, na kwenye fimbo mita moja na nusu. Duara lenye upana wa mita 8 toka ukingo hadi ukingo linabeba watu 25. La mita 12 linabeba 37. La mita 16 linabeba 50. Ukiyapanga hayo matatu, moja ndani ya jingine, una watu zaidi ya mia moja wanaocheza bila kukanyagana, na unahitaji sakafu tupu ya mita 18 kwa 18. Pima kwa kamba kabla ya kulipa. Nguzo iliyosimama katikati ya ukumbi ni sababu ya kutosha kuukataa, hata kama bei ni nzuri.

Sakafu iwe ya sementi laini au mbao. Vigae vikilowa jasho huteleza. Fagieni, pigeni deki, kisha mtu mmoja apite na tochi akitafuta vipande vya chupa na misumari. Hilo lifanyeni siku ile ile, saa mbili kabla. Viti viwe vichache na viwe vya wazee na wajawazito. Mkijaza viti, mmewaambia wageni wakae.

Vibali havina mengi. Barua iende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kituo cha polisi cha eneo. Kama mnauza tiketi au mnaleta wasanii, ulizeni BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kuhusu kibali na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu haki za muziki. Anzeni wiki sita kabla. Namba ya zimamoto ni 114. Iandikeni ukutani karibu na jiko. Fataki achaneni nazo. Ni mambo ya Diwali, zina kibali chake, na ukumbi uliojaa sketi pana na watoto si mahali pake.

Hatua ya 4: Taa, ibada na ukweli

Hapa ndipo waandaaji wengi huogopa na kuanza kuficha. Hukuta mtu ameandika kwenye tangazo "usiku wa burudani ya Kihindi" bila kutaja ibada, akidhani atawavuta watu wa dini zote. Matokeo yake jirani anafika na familia, anakuta watu wamefumba macho mbele ya sanamu na kuimba, anajisikia amedanganywa. Hatarudi, na atawaambia wengine.

Semeni wazi. Garba imetoka kwenye ibada. Kabla ya ngoma huwa na arati, sala ya taa mbele ya Mataji, na nyimbo za duarani zenyewe nyingi ni sifa zake. Tangazo liseme arati ni saa ngapi na ngoma ya majirani ni saa ngapi. Anayetaka kushuhudia arati akaribishwe, asimame kwa heshima. Asiyetaka aje baadaye, na asiulizwe sababu. Katika usiku tuliokuwa tukiuandaa, wenyewe walikubali kufanya arati yao pembeni kwenye kibanda kilichopambwa, na katikati ya duara ikabaki taa ya chungu peke yake. Majirani wengi Waislamu na Wakristo waliona wanaweza kucheza kuizunguka taa. Wachache hawakuona hivyo, wakabaki kwenye rangoli, yaani nakshi za sakafuni, na chakula. Uamuzi huo ni wa wenye garba. Usiwashurutishe waondoe sanamu yao ili wageni wafurahi. Uliza, kisha pokea jibu.

Ratiba iliyotufaa kwa Jumamosi ni hii. Saa kumi alasiri rangoli na hina. Jua linatua karibu na saa kumi na mbili na robo, basi kazi zote zinasimama kwa Magharibi na muziki haupigwi. Saa moja kasorobo arati ya wenyewe. Isha ikishapita, saa moja na nusu, darasa la hatua. Saa mbili duara linaanza. Saa nne fimbo. Saa nne na nusu mwisho, bila nyongeza, kwa sababu mtaa una watoto na wagonjwa. Mkichelewa kufunga mara moja, mwaka ujao mjumbe atawakumbusha.

Taa iwekwe juu ya stuli imara iliyozungushiwa maua au kamba fupi, mita mbili wazi kila upande. Sketi ya garba ina kitambaa kingi na huruka, na mtandio huruka zaidi. Mtu mmoja mzima asimame karibu na taa usiku kucha, na ndoo mbili za mchanga ziwe nyuma yake.

Hatua ya 5: Fundisha kabla ya kupiga muziki

Ningekuwa na nafasi ya kukupa ushauri mmoja tu katika yote haya, ningekupa huu: nusu saa ya darasa. Bila darasa, vijana wa Kigujarati wanaingia kwa kasi yao, wanapiga hatua ziitwazo dodhiyu na mizunguko waliyoifanyia mazoezi tangu Agosti, na jirani aliyekuja kwa moyo mweupe anasogea ukutani. Akishasogea ukutani hatoki.

Mwalimu usimchague kwa ustadi. Mchague mama wa miaka hamsini au sitini anayecheka na watu. Mgeni akimwona mama mtu mzima anaweza, naye anaona anaweza. Vijana hodari wasambaze duarani, mmoja kila baada ya wageni watatu, kazi yao usiku huo ikiwa ni kuwa kioo cha jirani wa kulia na wa kushoto.

Anza bila muziki. Watu wavue viatu, waviweke kwenye rafu yenye namba, kwani viatu vikipotea sherehe imeharibika. Tembeeni tu. Duara la garba huenda kinyume cha mshale wa saa, bega la kushoto likiwa upande wa taa. Zungukeni mara mbili kwa mwendo wa sokoni. Watu wakishazoea uelekeo, nusu ya kazi imekwisha.

Kisha makofi mawili, be tali kwa Kigujarati. Simameni mkiitazama taa. Hatua tatu mbele kuelekea kwenye taa, kofi. Hatua tatu kurudi nyuma, kofi. Kila mnaporudi, sogeeni kidogo kulia ili duara zima lizunguke. Mwalimu ahesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, paa! Dakika kumi zinatosha.

Halafu makofi matatu, tran tali. Makofi yanapigwa mfululizo katika hatua tatu, mikono ikianzia chini na kupanda, kisha mkono unapepea wakati mwili unageuka na mguu unajipanga upya. Mtu akikosea asisimame. Mwambieni aendelee kutembea, kofi litamkuta mbele. Aliyewahi kufuata mdundiko wa Wazaramo ana msingi tayari, maana miguu yake imezoea kwenda mbele huku mwili ukifanya jambo jingine. Nimeona kina mama wa Buguruni wakishika tran tali kabla ya wanafunzi wa chuo.

Muziki uingie taratibu. Garba nzuri huanza polepole, nyimbo ndefu, dholi, ile ngoma ya Kihindi, ikipiga kama moyo, kisha inaongezeka yenyewe. Mwombeni mpiga dholi azuie kasi kwa nusu saa ya kwanza, na mumwombe kabla ya siku, kwani akishapandwa na mori hasikii.

Wapo dada zetu wasiopenda kucheza bega kwa bega na wanaume. Duara la ndani liwe la wanawake na watoto tangu mwanzo, bila tangazo refu. Hakuna atakayeuliza, na watakaoingia ni wengi kuliko ulivyodhani.

Fimbo zina darasa lake, dakika kumi, saa nne kasorobo watu wakiwa wanakunywa maji. Fimbo nzuri ni nyepesi, ya mti au mwanzi, urefu wa sentimita 40 hadi 45, ncha zisizo na vibanzi. Mistari miwili ikabiliane, kila mtu na mwenzake. Moja, fimbo za kulia zigongane. Mbili, za kushoto. Tatu, za kulia tena. Nne, geuka kidogo ugonge fimbo zako mwenyewe. Tano, gonga ya mwenzako na upite, umkute mwingine. Kwa hivyo katika wimbo mmoja mtu amekutana uso kwa uso na watu ishirini ambao huenda anaishi nao jengo moja na hawajawahi kusalimiana. Watoto chini ya miaka kumi wawe na mstari wao na fimbo fupi. Waambieni wote washike fimbo karibu na ncha ya chini na kugonga sehemu ya juu, maana vidole ndivyo huumia.

Kuhusu mavazi, semeni "vaa utakachochezea". Wagujarati watakuja na chaniya choli, sketi na blauzi zenye vioo, na wanaume na kediyu fupi zilizojaa marinda. Jirani na aje na kanga, kikoi au kitenge. Msiazime wageni sketi kwa nguvu ili picha ipendeze.

Hatua ya 6: Chakula kinachowaketisha wote

Jikoni ndiko penye masharti mengi, na kosa moja huvunja imani ya mwaka mzima. Wakati wa Navaratri chakula ni cha mboga tu, na kwa familia nyingi yai nalo huhesabiwa kama nyama. Keki ya dukani, basi, imetoka. Wengine katika siku hizi huacha vitunguu na vitunguu saumu. Majaini, wafuasi wa dini ya Kijaini, huacha kila kinachochimbwa ardhini: viazi, karoti, vitunguu. Na wapo wanaofunga, ambao hula vitu maalumu tu kama sabudana (punje za wanga wa muhogo), karanga, maziwa na matunda. Pombe haiingii kabisa, hata garini.

Usijaribu kupika kila kitu kwa kila mtu. Pangeni meza tatu zenye maandishi makubwa. Ya kwanza ni ya wote: bajia za dengu, kachori, dhokla (mikate laini ya dengu iliyopikwa kwa mvuke), mihogo ya kukaanga na chatini ya ukwaju, chevda, chai ya maziwa, juisi ya miwa. Urojo wa Zanzibar unafaa sana ukipikwa bila mishikaki na bila yai, na ndicho chakula ambacho Mswahili na Mhindi watakigombania kwa haki sawa. Meza ya pili ni ndogo, ya wanaofunga na Majaini, isimamiwe na mtu wa kwao. Meza ya tatu ni ya prasadi, chakula kilichotolewa mbele ya Mataji wakati wa arati. Hii itengwe kweli kweli. Waislamu wengi na Wakristo wengi hawali kilichotolewa ibadani, na Mhindu anayempa jirani prasadi anampa baraka, hamtegi. Pande zote mbili zina nia njema, lakini ladu moja iliyowekwa kwenye meza isiyo yake inaweza kuzua maneno kwa wiki mbili. Andikeni "prasadi" juu ya sinia na mumwombe mama mmoja amweleze anayeuliza kwa sauti ya upole.

Karai na mafuta viwe vipya au viwe vya jikoni la mboga. Mafuta yaliyokaangia samaki asubuhi hayafai hata yakichujwa, na mla mboga huyajua kwa harufu. Kwa upande wa jirani Mwislamu, chakula cha mboga kimeondoa swali la kuchinja, na hiyo ni faida kubwa ya usiku huu. Maji yawe mengi kuliko mnavyofikiri, kwani Oktoba Dar ni joto na watu wanacheza kwa muda wa saa mbili na nusu.

Alasiri: rangoli na hina

Sehemu hii ni ya watoto na wenye haya, nayo hufungua mlango kwa watu ambao hawangekuja usiku. Rangoli ni nakshi ya sakafuni, huchorwa kwa unga wa mchele au poda za rangi. Neno letu "rangi" na hilo la kwao ni wa ukoo mmoja, waambieni watoto. Unga wa mchele una uzuri wake, kwamba wadudu wadogo nao hula, na bibi za Kihindi huliona hilo kuwa jema. Kwa mafunzo ya watoto wengi mimi hutumia mchanga laini uliochekechwa na kuchanganywa na rangi ya chakula, ukaanikwa siku moja juani. Ni mzito, upepo hauuchukui. Chumvi iliyotiwa rangi hupendeza lakini hewa ya Dar huilowesha kabla ya Magharibi.

Chora vitone kwa chaki, safu tano kwa tano. Unganisha. Kisha jaza kwa kubana mchanga kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiuachia kidogo kidogo. Waulize kina mama waje na kanga zao na watoto wachore nakshi zilizomo. Lile umbo tunaloliita korosho kwenye kanga, Wahindi wanalo kwenye sari na shali zao na wengi huliita embe. Mezani pangu mtoto wa Kigujarati na mtoto wa Kizaramo waliwahi kubishana nusu saa kama ni korosho au embe, na rangoli waliyoimaliza ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Hina wanaijua wote, na wapakaji wa Kiswahili wakae meza moja na wa Kigujarati. Sharti ni hina ya majani tu, ile inayotoa rangi ya kahawia au nyekundu. Piko nyeusi ya kupaka nywele isiguse ngozi ya mtoto. Ina kemikali ambayo huwababua baadhi ya watu na kuacha makovu.

Muziki na sauti

Dholi moja, tabla, kinanda na waimbaji wawili ni bora kuliko spika kumi zenye rekodi, kwa sababu mpiga ngoma anaona duara likichoka na analingoja. Kama hamna uwezo, rekodi zitatosha, ila mtu wa Kigujarati azichague. Msichanganye bongo fleva wakati taa ingali katikati. Taa ikishaondolewa kwa heshima na fimbo zimeanza, vijana wacheze wapendacho.

Kama mna taarabu mtaani, waalikeni wapige nyimbo mbili watu wakipumzika. Haitakuwa kitu kigeni. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na Mombasa Juma Bhalo alijulikana kwa taarabu yenye mahadhi ya Kihindi. Wazee watazitambua sauti hizo kabla ya kuelezwa.

Jenereta ijaribiwe ikiwa na mzigo wote, taa na spika pamoja, siku moja kabla. Umeme ukikatika katikati ya duara, mwalimu aendelee kuhesabu kwa sauti na watu wapige makofi. Mara moja ilitutokea, dakika nne za giza na taa moja ya chungu, na hakuna aliyeacha kuzunguka.

Baada ya usiku huo

Kama watu wameuliza "lini tena", msisubiri mwaka. Kituo cha utamaduni cha India jijini, kinachoitwa kwa jina la Swami Vivekananda, kina walimu wa ngoma, ala na yoga. Wachina nao wana kituo chao cha utamaduni hapa Dar na taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mwaka Mpya wao, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari au siku chache zaidi, unaweza kuandaliwa kwa utaratibu huu huu: wenyewe kwanza, darasa kabla ya onyesho, meza zenye maandishi. Makalasinga waombeni wawaonyeshe langa, jikoni la gurdwara, hekalu lao, linalomlisha kila anayeingia, wote wakiwa wameketi sakafuni.

Asubuhi inayofuata, watu wanne warudi ukumbini. Rangoli ifagiwe, isioshwe kwa maji kwanza, maana rangi huingia kwenye sementi. Chungu kirudishwe kwa wenyewe, nao wanajua cha kukifanyia. Mwenyekiti wa mtaa, imamu wa jirani na mama wa ghorofa ya chini aliyevumilia kelele wapelekewe sahani ya ladu zisizo za prasadi, na mtu aende mwenyewe, asitume mtoto. Mahesabu yasomwe mbele ya kamati ndani ya wiki. Fimbo zihesabiwe, zilizopasuka zitupwe, zilizobaki zifungwe jozi jozi kwa mpira na kuwekwa juu ya kabati, mahali pakavu, zikiwa zimepakwa mafuta ya taa kidogo, kwani mianzi ikiachwa sakafuni bungua huimaliza kabla ya Septemba.